Baba alipoacha kupaliwa tulifurahi, kumbe ndo hatari ilikuwa imeingia

Kitu cha kwanza baba alichoomba siku tunamrudisha nyumbani ni maji. Alikuwa hatamki vizuri, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala tu juu ya shuka, ila neno maji lilitoka. "Mama, maji." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, toka nazaliwa hajawahi kuniita vingine. Nikachota kwenye mtungi, kile kikombe cha bati anachokipenda, nikamwinua kichwa kidogo akiwa amelala hivyo hivyo, nikamnywesha. Akapaliwa. Na si kule kupaliwa kwa kawaida ambako mtu anakohoa mara mbili mnasema "kuna mtu anakutaja" yanaisha, yaani alikohoa mpaka machozi yakamtoka, maji mengine yakarudi kwa puani, na mimi nimesimama pale na kikombe sijui nimpige mgongo au nikimbie nje kuita watu.

Hiyo ilikuwa Agosti 2019, Morogoro. Kiharusi kilimpata akiwa anafunga kamba za viatu asubuhi, akalazwa siku sita, tukaruhusiwa na karatasi ya dawa za presha na maelezo ya kunyoosha mkono na mguu. Kuhusu kula tuliambiwa sentensi moja tu, "mpeni vyakula laini". Hakuna hata mmoja aliyechukua kijiko cha maji akampa pale kitandani akamwangalia anamezaje, na hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu lingechukua dakika tano. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kwa watu waliopata kiharusi, karibu nusu yao wanakuwa na shida ya kumeza zile siku za mwanzo. Nusu! Sisi tulidhani kiharusi ni mkono, mguu na mdomo kwenda upande, basi.

Kwa hiyo tukamlisha kama tulivyojua. Amelala, kichwa juu ya mito miwili, kijiko kikubwa cha kulia wali, tivii inaongea, wajukuu wanamchekesha ili ale kwa furaha, na tukiona ametulia tunaongeza kijiko kingine harakaharaka kabla hajakataa. Tukiona anapaliwa tunampa maji ashushie. Ukinielewa hapo, mtu anapaliwa na maji halafu tunampa maji ashushie kupaliwa. Kila kitu tulichokifanya tulikifanya kwa mapenzi na kila kitu kilikuwa ni cha kumzamisha.

Jioni moja namfuta mdomo nikaona shavu la kulia limevimba, nikaingiza kidole taratibu nikatoa wali. Wali wa mchana, umekaa pale kama saa sita, yeye hana habari kabisa kwa sababu upande ule ulikuwa hausikii kitu.

Siku ya tano au ya sita hivi shangazi akaja kutoka Kilosa. Kumsikia kaka yake anakohoa vile, akasema hii ni kimeo, kimerefuka kinamtekenya koo, kuna mzee anakata vizuri tu na wembe mpya, nusu saa mmemaliza. Kwa ambao hawajakua na haya mambo, kimeo ni kale kanyama kanakoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, na kwetu watu wengi wamekatwa toka watoto kwa ajili ya kikohozi. Shangazi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, yeye mwenyewe alikatwa. Kilichotuokoa ni mdogo wangu aliyekuwa anasomea utabibu, akasema hapana, mtu yuko kwenye dawa za kuzuia damu isigande halafu umkate kooni? Tukaacha. Naomba sana kama uko kwenye hali hiyo na ndugu wanakushauri hivyo, usikubali. Kimeo hakina kosa, na ile nyama laini ya juu ambayo kimening'inia kwake ndiyo inayopanda kuziba njia ya pua ukimeza. Baba maji yalikuwa yanamrudi puani kwa sababu ile nyama ilikuwa haipandi sawasawa. Watu wanatoka damu sana kwa kukatwa huko, wengine wanapata maambukizi, na kikohozi kiko palepale.

Halafu kikohozi kikaacha.

Hii ndo sehemu ambayo natamani kila mtu aisome mara mbili. Kama wiki ya pili hivi baba akawa anakula hapaliwi. Maji anakunywa kikombe kizima, kimya. Tukashukuru Mungu, shangazi akapiga vigelegele, tukawapigia simu ndugu tukawaambia mzee anameza vizuri saivi. Ila sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa kama ya mtu anayeongea huku ana maji kooni, inabubujika, na jioni mwili unapata joto. Tukasema malaria. Kipimo hamna malaria. Tukasema uchovu. Siku ya nne ya homa akawa anapumua haraka mpaka mbavu zinaonekana, midomo imebadilika rangi, usiku saa nane tukatafuta bajaji tukampeleka.

Eksirei ikaonyesha nimonia, pafu la kulia chini. Daktari aliyekuwa zamu aliuliza swali moja tu, "anakula nini na anakulaje?" nikamweleza, nikamwambia tena kwa kujivunia kwamba siku hizi hata hapaliwi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dada, hajaacha kupaliwa. Ameacha kukohoa."

Akanieleza kwamba bomba la hewa likishuka kifuani linagawanyika mawili, na tawi la kulia ni pana zaidi na limenyooka kuliko la kushoto, ndo maana kinachopotea njia mara nyingi kinaangukia kulia. Na kwamba pale kwenye mlango wa sauti kuna mishipa ya fahamu yenye kazi ya kusikia kitu kigeni na kupiga kengele, kengele yenyewe ndo kikohozi, sasa kwa baba mishipa ile ilikuwa imekufa ganzi, kwa hiyo uji ulikuwa unashuka kwenye mapafu na hakuna anayepiga kelele. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Wiki nzima tumepiga vigelegele.

Akawekewa mpira wa puani unaoenda mpaka tumboni, na siku chache baadaye kwa bahati akapita dada mmoja mtaalamu wa mambo ya kuongea na kumeza, wako wachache sana hawa, mimi kabla ya hapo sikujua hata kama kazi hiyo ipo. Huyu dada ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokiandika hapa, na hakuanza na baba, alianza na mimi.

Aliniambia, "Weka mkono shingoni kwako." Kidole cha shahada chini ya kidevu, cha kati juu kidogo ya kongomeo, yaani lile fundo gumu la mbele ya shingo, na viwili vya mwisho juu ya kongomeo lenyewe. "Meza mate." Nikameza. Jaribu na wewe hapo ulipo. Utasikia chini ya kidevu panakaza, halafu kongomeo linaruka juu na mbele kama sentimita 2 hivi, linakaa kidogo, linarudi. Akaniuliza limechukua muda gani, nikasema hata sijui, kufumba na kufumbua. Akasema ndani ya huo muda, chini ya sekunde moja, misuli kama 30 imefanya kazi kwa zamu, na ukikosea zamu moja tu umepaliwa.

Akaniambia tena, "Sasa jaribu kumeza huku unapumua." Haiwezekani. Jaribu, haiwezekani kabisa. Koo ni njia panda, hewa na chakula vinapita sehemu moja kisha vinaachana, hewa mbele chakula nyuma, kwa hiyo kila tonge likipita lazima hewa isimame kwanza. Na mara nyingi ukimaliza kumeza kinachofuata ni kutoa pumzi, si kuvuta, ili kama kuna punje imebaki pale mlangoni ipulizwe nje. Mtu mzima anameza mara 500, 600 na zaidi kwa siku, mengi ni mate tu, hata usingizini, na hajui. Mimi nilikuwa na miaka 38 na sikuwahi kulifikiria hata siku moja.

Ngoja nieleze kama alivyonieleza, maana ukielewa hii mengine yote unayafanya bila kuambiwa. Kuna kazi ya mdomoni, hiyo unaitawala mwenyewe, unatafuna, ulimi unakusanya tonge, unalipeleka nyuma. Mpaka hapo ukitaka kutema unatema. Ila tonge likishagusa kule nyuma ya kinywa, amri inakutoka mkononi, inahamia kwenye shina la ubongo, kule chini ambako ubongo unaungana na shingo, na kule ndo kuna kama msimamizi anayepokea taarifa kutoka kooni na kutoa amri kwa mpangilio ule ule kila siku. Nyama laini ya juu inapanda, pua imezibwa. Nyuzi za sauti zinajifunga, hewa imezibwa. Kongomeo linavutwa juu na mbele, linajificha chini ya shina la ulimi, na kile kifuniko kinachoitwa epigloti kinainama juu yake kama mfuniko wa sufuria. Kwa hiyo njia ya hewa haifungwi na kitasa kimoja, vipo vitatu, kimoja kikilegea kuna vingine.

Na hapa ndo palinishangaza zaidi. Pale juu ya umio, yaani lile bomba la chakula, kuna msuli wa mviringo ambao muda wote umefungwa, kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, usiruhusu hewa iingie tumboni wala chakula kirudi kooni. Huo unatakiwa ulegee kwa wakati ule ule ambao kongomeo linapanda, na kule kupanda ndo kunauvuta ufunguke. Yaani mlango wa hewa unafungwa na mlango wa chakula unafunguliwa kwa mvuto mmoja. Kongomeo lisipopanda vizuri unapoteza vyote viwili, hewa haijafungwa vizuri na chakula hakijafunguliwa vizuri, tonge linabaki limekaa pale njia panda, na mtu akivuta pumzi linaenda nalo.

Akachukua mkono wangu akauweka kwenye shingo ya baba, akamlowesha ulimi na pamba yenye maji kidogo. "Baba, meza." Tukasubiri. Moja. Mbili. Tatu. Ndo kongomeo likajikongoja juu nusu ya langu likaanguka. Nikaelewa palepale bila kuambiwa. Zile sekunde tatu. Maji hayasubiri, maji yanakimbia, ukiyaweka kwenye ulimi yameshafika nyuma kabla msimamizi hajaamka, yanakuta mlango wa hewa uko wazi na mtu anapumua. Uji mzito unatembea polepole, unampa nafasi. Nilikuwa naamini kitu chepesi kuliko vyote kumeza ni maji, kumbe kwa koo lililochelewa maji ndo kitu kigumu kuliko vyote.

Mdogo wangu aliponisikia nikisimulia haya akaniambia hizo hatua tatu, ya mdomoni, ya kooni na ya kwenye umio, zimegawanywa hivyo tangu karne ya 19 na daktari mmoja Mfaransa, François Magendie, na mpaka leo wanafunzi wanafundishwa hivyo hivyo. Miaka yote hiyo watu wanajua, na sisi tunarudishwa nyumbani na neno "laini".

Ile hatua ya tatu, ya umio, kwa baba haikuwa na shida kubwa lakini kuijua kulibadilisha namna ninavyomlisha. Umio wa mtu mzima una urefu kama sentimita 25, unapita nyuma ya bomba la hewa mpaka tumboni, na hauangushi chakula, unakikamua, yaani nyuma ya tonge unabana, mbele unalegea, wimbi linashuka kama unavyokamua ute kwenye utumbo wa kuku ukiuosha. Shangazi alibisha, akasema chakula kinashuka kwa uzito wake. Nikamwambia shangazi, ng'ombe akinywa mtoni kichwa kiko wapi? Maji yanapanda, hayashuki. Alinyamaza akafikiri, akasema "eeh, kweli". Hilo wimbi linachukua kama sekunde 8 mpaka 10 kufika chini. Likipita na kuna kipande kimebaki, umio wenyewe unakisikia unaanzisha wimbi lingine kuanzia palepale kilipo, bila wewe kumeza tena. Na ule mlango wa chini, wa kuingilia tumboni, unaanza kulegea mapema tu unapomeza, tonge likiwa bado liko juu.

Ila ukimeza tena kabla wimbi la kwanza halijamaliza, la kwanza linakatishwa. Ndo maana mtu akinywa maji kwa mkupuo, glu glu glu, umio unatulia tu unaacha yapite, wimbi linakuja baada ya funda la mwisho. Kwa mtu mzima wa afya aliyekaa wima si tatizo. Kwa mzee ninayempa uji mzito kijiko juu ya kijiko, namrundikia. Toka siku hiyo kijiko kimoja, nahesabu mpaka kumi, naangalia kongomeo limepanda, namwambia ameze tena mate matupu, ndo naleta kingine. Sahani ya uji inaweza kuchukua dakika 40. Mwanzoni niliona kama adhabu, nina cherehani ya kulipia, nina wateja wanasubiri sare za shule. Baadaye nikazoea, nikawa nahesabu moyoni na yeye ananiangalia macho tu.

Ule mpira ulikaa wiki tatu. Baba aliuchukia, kuna usiku aliuvuta akautoa wote, ukarudishwa, na kila ukirudishwa sista anavuta majimaji ya tumboni na bomba la sindano anapima kwenye karatasi kama kuna asidi, kuhakikisha uko tumboni na si kwenye pafu. Msione aibu kuuliza kama wamepima. Na kuna jambo moja ambalo wengi hatulijui, mpira hauzuii mate. Mtu mwenye mpira bado anameza mate na mate yanaweza kwenda kwenye mapafu, kwa hiyo kinywa kikiwa kichafu anavuta uchafu. Yule dada alisisitiza usafi wa kinywa kuliko dawa yoyote, mswaki laini asubuhi, mchana na usiku, ulimi, mashavu kwa ndani, hata kama hali chochote. Mimi nilikuwa nafikiri kama hali kitu, mswaki wa nini.

Mazoezi nayo. Moja lilikuwa la kulala chali kwenye mkeka bila mto, mabega yanabaki chini, unainua kichwa tu mpaka uone vidole vyako vya miguu. Linaonekana halihusiani na kumeza kabisa ila linatia nguvu ile misuli ya chini ya kidevu inayovuta kongomeo. Ukilifanya kamili unatakiwa ushikilie dakika nzima, mara tatu, halafu inua shusha mara 30, na hiyo ni mara tatu kwa siku kwa wiki sita. Baba alianza na sekunde saba. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa sauti na saba ikafika kichwa kikaanguka akasema "basi mama". Mjukuu wake wa miaka minne akawa analala pembeni yake wanafanya wote, mtoto anaangalia vidole vyake anacheka, na nadhani yule mtoto alisaidia kuliko mimi. Lingine lilikuwa kumeza kwa nguvu, unameza mate kama unasukuma kitu kikubwa, unabana kila kitu. (Haya ni mazoezi aliyopewa yeye baada ya kupimwa, mwenye shida ya shingo hilo la kuinua kichwa halimfai, kwa hiyo usichukue tu hapa ukampa mgonjwa wako.)

Chakula tulirudi nacho kidogokidogo. Uji wa ulezi uliochujwa, mzito wa kiasi kwamba ukiinamisha kijiko unadondoka taratibu, haumwagiki. Mtori usio na vipande. Parachichi lililopondwa. Nilichojifunza kwa kuangalia ni kwamba kibaya kuliko vyote ni chakula mchanganyiko, supu yenye vipande, wali na mchuzi mwepesi, maana mchuzi unakimbia wakati yeye bado anashughulika na nyama, mdomo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Wali mkavu nao unatawanyika, punje zinajificha. Alikaa wima kwenye kiti, miguu imekanyaga chini, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani kama alivyofundishwa, tivii imezimwa, hakuna kumuongelesha. Kijiko cha chai, si cha chakula. Akimaliza anabaki amekaa nusu saa. Na kila baada ya vijiko kadhaa namwambia "Baba, sema aaa", nasikiliza sauti. Ikitoka kavu tunaendelea. Ikitoka na maji tunasimama, anakohoa kwa makusudi, anameza tena.

Hiyo "aaa" ndo ilikuwa kipimo changu kwa sababu kikohozi nilikuwa siwezi kukiamini tena. Nilianza kuangalia vitu vingine, macho yakilengalenga machozi wakati anakula, pumzi ikienda mbio baada ya kula, jasho, joto la jioni. Nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Daftari ninalo mpaka leo.

Na cha ajabu, mwezi wa tatu tangu augue kikohozi kikarudi. Nilikuwa nimempa uji mwepesi kuliko kawaida, mimi ndo nilikosea kupima unga, akakohoa kwa nguvu, kohoo la mtu mwenye kifua, uji ukaruka mpaka kwenye kitenge changu. Shangazi akaja mbio kutoka jikoni anaogopa, akanikuta nalia kwa furaha. "Anapaliwa, we unafurahi?" Nikamwambia shangazi, amesikia. Koo limesikia.

Toka nijue haya naona vitu ambavyo zamani nilikuwa sivioni. Jirani yangu alikuwa anamnywesha mtoto uji kwa nguvu, kamlaza chali mapajani, kambana pua, mtoto akifungua mdomo kulia anamimina. Zamani ningepita nimsalimie tu. Siku hiyo niliingia ndani nikakaa naye chini, nikamwekea mkono wake shingoni kwake kama nilivyowekewa mimi, nikamwambia mama, meza huku unapumua. Akajaribu. Akaniangalia. Akamwinua mtoto akamkalisha.

Baba alipimwa tena Januari. Yule dada alimpa maji kijiko kimoja cha chai, mkono shingoni, akasikiliza. Kijiko cha pili. Cha tatu. Akamwambia anaweza kunywa kwa kikombe, funda dogo dogo, kidevu chini, na mimi niwe karibu. Tukarudi nyumbani. Hakuomba wali wala nyama. Nilimkalisha uani kwenye kiti chake, jua linazama nyuma ya Uluguru, nikachota kwenye mtungi, kikombe kile kile cha bati, nikajaza robo tu. Akakishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Akainamisha kidevu. Mimi macho yako kwenye shingo yake tu, sijui hata watoto walikuwa wanasema nini. Kongomeo likapanda. Likakaa. Likashuka.

"Baba, sema aaa."

Hakusema aaa. Alisema, "Mama, ongeza," na sauti ilikuwa kavu.